Ukoko Kichwani mwa Ambilikile

Angetile alikuwa hajamaliza hata mwaka katika ndoa alipojifungua mtoto wa kiume, wakamwita Ambilikile. Mumewe, Hezroni, alikuwa mtu wa safari. Alipeleka mchele ng'ambo ya mto Songwe, akarudi na sabuni na vitenge vya Malawi, maana miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye miguu alijiita mfanyabiashara. Angetile alibaki Ipyana kwa wakwe zake, akijua kabisa kwamba mgeni pale ni yeye.

Mtoto alinyonya vizuri, akalala vizuri. Tatizo lilikuwa kichwa. Kwenye utosi palianza kutoka magamba makavu kama pumba, yakashikana, yakawa ya njano. Mwenyewe hayakumsumbua. Waliosumbuka nayo ni watu wazima.

"Wifi, mwanao ana ukoko kama chungu cha wali," alisema Doreen, dada yake Hezroni. "Unamwogesha, au unamwonyesha maji tu?"

"Namwogesha."

"Basi maji hayakumwona."

Wakacheka wote wawili, ila Angetile alicheka kwa mdomo tu. Doreen alipokwenda shambani, akampakata mwanawe na kuanza kuubandua ule ukoko kwa ukucha. Gamba la kwanza likatoka vizuri, akafurahi. Lililofuata likatoka na nywele zake. Akaendelea, mpaka likatoka moja na kuacha tone la damu, mtoto akalia kilio ambacho hajawahi kukilia.

Mama mkwe, Marta, alitoka jikoni mikono ikiwa na unga.

"Umemparura mtoto."

"Nilitaka kutoa uchafu, mama."

"Uchafu hautolewi kwa kucha. Jumapili anabatizwa. Jumamosi nitamnyoa kwa wembe, hayo yote yatoke pamoja na nywele. Hezroni mwenyewe nilimnyoa hivyo hivyo."

Marta hakuwa mwanamke mbaya. Wajukuu zake wote aliwanyoa kwa mkono wake kabla ya ubatizo, na hakuna aliyekatwa. Lakini hao walikuwa na vichwa laini. Angetile aliutazama utosi wa mwanawe, ulivyokuwa ukipanda na kushuka taratibu chini ya yale magamba, akauona wembe ukipita juu yake, ukijikwaa. Na mkamwana hamwambii mama mkwe hapana.

Kesho yake alimpeleka kliniki kupimwa uzito, akamwonyesha nesi kile kichwa.

"Huu si uchafu," nesi alisema, "wala hauambukizi. Watoto wachanga wengi wanaupata, na unaisha wenyewe. Mpake mafuta kidogo, ya mgando, yasiyo na manukato. Yaache mpaka magamba yalainike, kisha umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, umsugue polepole kwa kitambaa laini. Usikwangue tena. Ukiona pamekuwa pekundu au panatoa majimaji, umlete."

"Na wembe?"

"Wembe wa nini? Utamkata."

Angetile aliyafikisha maneno hayo nyumbani kama alivyopewa. Marta alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Nesi ndiye anayebatiza?" akauliza. Kisha akaendelea kupepeta.

Basi Angetile alifanya alichoweza. Alikata kipande cha fulana ya mtumba iliyolainika kwa kufuliwa, akapaka, akasubiri, akaosha, akasugua. Kila siku kitambaa kilitoka na vipande vyeupe. Kidonda cha ukucha kikakauka. Lakini Ijumaa ilipofika, nusu ya ukoko ilikuwa bado imekaa palepale.

Mchana ule baba mkwe wake, mzee Nsajigwa, alikuwa akigeuza kakao juani, nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni. Pale kwake heshima ya zamani ilikuwa haijalegea, ingawa wengi walishailegeza. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, hasemi naye. Wakikutana njiani, Angetile huingia migombani na kuchuchumaa amempa mgongo mpaka apite. Tangu aolewe, alimjua mzee kwa kikohozi na kwa nyayo zake.

Aliketi upande wake wa ukuta, mtoto mapajani, kidole kimejaa mafuta. Akasema na mwanawe, kwa sauti ya kuvuka matete.

"Ambilikile, mwanangu, kesho bibi atakunyoa. Nesi amesema wembe utakukata. Mimi mama yako sina mdomo wa kusema. Labda wewe una babu."

Upande wa pili, mchakacho wa kakao ukakoma.

Angetile akaacha kupaka. Pengine amevuka mpaka. Pengine jioni ataitwa, aambiwe arudi kwao Mwaya akafundishwe upya. Akasikia kikohozi, kisha mzee akaanza kusema na ndama wake aliyefungwa pale.

"Wewe ndama, unamsikia huyo mtoto anavyolalamika? Mwambie alale. Wembe wa humu ndani ni wangu, na kesho mapema nakwenda nao kwa mdogo wangu kunyoa ndevu." Akampapasa ndama shingo. "Tena mwambie apakwe na nyuma ya masikio. Alipoletwa kwangu nimpakate nilipaona, pameanza."

Kakao ikaanza tena kuchakacha. Angetile akaligeuza sikio la mtoto. Kweli, pameanza.

"Mshukuru babu, mwanangu, sema ndaga," akanong'ona. "Ndaga fijo."

Jumamosi asubuhi Marta alichemsha maji, akatandika kanga, akaingia ndani kuchukua wembe. Alitoka mikono mitupu.

"Wembe uko wapi?"

"Baba ameondoka nao," Doreen akajibu. "Amekwenda kunyoa ndevu."

"Ndevu zipi? Zile tatu?"

"Huenda imeota ya nne."

Dukani nyembe zilikuwepo tele, na Marta alijua. Alijua pia kwamba mumewe hakuwahi kusafiri na wembe tangu amwoe. Mwenye nyumba akisema bila kusema, amekwisha kusema. Akamtazama Angetile kwa muda mrefu, Angetile akatazama chini.

"Haya," Marta akasema mwishowe, akaketi kwenye ile kanga. "Nipe huyo mtoto. Na hayo mafuta yenu."

Alipaka kwa kidole kizito kilichozoea jembe, lakini alipaka polepole. Maji aliyoyachemsha yakapozwa, yakatumika kuosha.

Kanisani Jumapili, Marta ndiye aliyempakata mtoto. Mama mmoja wa benchi la nyuma, Andongwisye, akainama mbele.

"Mama Hezroni, mwaka huu hukunyoa? Na hicho kichwani ni nini?"

"Magamba ya uchanga. Hayakwanguliwi, yanalainishwa."

"Nani amesema?"

"Nasema mimi."

Andongwisye akarudi nyuma. Walipoitwa mbele, mchungaji akamwaga maji juu ya utosi wa Ambilikile na kuyapangusa kwa kiganja. Kigamba kimoja kikabaki kidoleni mwake. Akakitazama, akakifuta kwenye joho, akaendelea na sala.