Kopo la Ugoro Chini ya Msolo

Nilipokuwa mtoto wa mtungi nusu, maana kwetu umri wa msichana ulijulikana kwa maji anayoweza kuyapandisha kutoka bondeni, nilimdanganya bibi yangu kwa kidole kimoja tu. Nilikaa na uongo huo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sasa mimi mwenyewe ni bibi, magoti yananiuma kama yalivyomuuma yeye, na nadhani naweza kulisema jambo hili bila kujipendelea.

Tuliishi juu ya uwanda, upande wa Newala, enzi za Mwingereza, kabla bomba halijafika. Tulikuwa na mihogo, mikorosho na upepo mzuri. Maji ndiyo hatukuwa nayo. Wanawake walitoka alfajiri, wakateremka mteremko mkali hadi visimani, wakarudi jua likiwa utosini. Mama yangu alifariki akinizaa, na baba alikwenda kukata mkonge asirudi tena, kwa hiyo aliyenilea ni Bibi. Kanisani nilibatizwa Skolastika, lakini ulimi wa Bibi na ndonya yake, kile kigingi cha urembo cha mdomo wa juu, havikulipenda jina hilo. Akaniita Sikola. Majirani walimwita yeye Mama Lukasi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, mjomba wangu.

Bibi alikuwa mtu wa kanisa siku ya Jumapili, na mtu wa msolo siku zote zilizobaki. Msolo ulikuwa nyuma ya nyumba, mti wa kawaida kabisa, usingeutazama mara mbili. Mtu wa ukoo akitaka kusafiri, Bibi alichukua unga wa mtama jioni, akaumimina polepole shinani mpaka ukasimama kama kichuguu, huku akiwataja waliotutangulia mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa wa mwisho, na hapo sauti ya Bibi ilishuka kidogo. Kisha aliufunika unga kwa chungu. Asubuhi alifunua. Ukiwa umesimama, safari ina baraka. Ukiwa umeporomoka, wazee wamekataa, na hapakuwa na wa kubisha. Mjomba Lukasi mwenyewe aliwahi kuacha safari ya mkonge kwa sababu ya unga, na kila alipoulizwa alisema hajutii.

Kitu kingine cha Bibi kilikuwa ugoro. Aliuweka kwenye kopo dogo la bati, akalifunga kwenye pindo la kaniki yake. Akirudi kisimani aliketi barazani, akafungua fundo taratibu, akavuta, akapiga chafya tatu. Ya tatu ilisikika kwa majirani, nao walijua Mama Lukasi amefika salama. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake pekee duniani.

Siku moja mwalimu wa kijijini alikuja na habari kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, huko Masasi. Kwetu mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, na Mjomba Lukasi hakupendezwa.

"Mama, mtoto wa kike akijua kusoma barua, atamsomea nani?" alimuuliza Bibi.

"Atanisomea mimi."

"Wewe hupati barua."

"Nitazipata yeye akiwa mbali," Bibi akamjibu.

Mjomba alicheka, lakini hakulegea moja kwa moja. Alisema wazee waulizwe. Unga ukisimama, atanipeleka Masasi kwa miguu yake. Ukianguka, nafasi irudishwe, nami nichezwe unyago mwaka uleule. Wote tulijua kilichokuwa baada ya unyago, kwa sababu mchumba alikwisha kutajwa.

Niliitaka shule ile mpaka usingizi ukanipaa. Lakini siku ya kumimina unga nilikwenda kisimani na Bibi, na wakati wa kupanda alisimama mara nne kulishika goti lake. Zamani alikuwa akisimama mara moja. Alijifanya anatazama ndege. Nilipanda nyuma yake nikiwa na mtungi wangu nusu, nikajiuliza, mimi nikienda, nani atamchotea maji mama huyu? Hakuwa na binti mwingine. Mke wa mjomba alikuwa na watoto wadogo na mzigo wake mwenyewe.

Alfajiri nilitangulia msoloni. Nilifunua chungu. Unga ulikuwa umesimama vizuri kabisa, hata alama za vidole vya Bibi zilionekana ubavuni. Nikauchokoa katikati kwa kidole cha shahada, ukaporomoka. Nikarudisha chungu, nikajificha kwenye mihogo. Sikujiona mwovu. Nilidhani nawasaidia wazee kujibu, maana wao wasingejua habari za goti.

Bibi akaja, akafunua, akaona. Nilimwona akishuka chini taratibu mpaka akakaa. Kisha akafungua fundo la kaniki, akatoa kopo, akaliweka kati ya mizizi.

"Mwacheni apite," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na watu wazima wenzake. "Najua mmekataa. Mnataka kitu, chukueni hiki, sitakigusa tena. Kisipotosha, nichukueni mimi. Mtoto mwacheni."

Akazoa unga wote, akautia kwenye pindo, akafukia kopo kwa mikono yake.

Jua lilipochomoza Mjomba alifika. "Shikamoo, mama. Vipi huko?"

"Marahaba. Umesimama," Bibi alisema. "Nimekwisha kuuzoa. Kamfungie mtoto mzigo."

Nilitoka mihogoni nikijifanya ninatoka chooni. Ningesema nini? Kusema kweli ni kumtoa Bibi mwongo mbele ya mwanawe, na ni kukosa shule ambayo moyo wangu, nikiri tu, ulikwisha kuanza kuishangilia tena. Nikanyamaza. Siku hiyohiyo tuliondoka, tukalala Chiwata, na kesho yake nikafika Masasi nikiwa na mihogo mikavu kwenye kikapu na donge rohoni.

Likizo ya kwanza nilimkuta Bibi barazani, ametoka kisimani. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kaniki, ukapapasa, ukakuta hakuna kitu, ukarudi magotini. Haukupita muda, ukaenda tena. Jirani yetu, Mama Fidea, aliyekuwa akivuta ugoro wake pale pembeni, alimtania.

"Mama Lukasi, pua yako siku hizi imefunga duka?"

"Imezeeka," Bibi alisema, akacheka, na macho yake hayakutoka kwenye kopo la mwenzake.

Nililia usiku ule. Lakini sikusema. Mwanzo niliogopa kutolewa shule. Baadaye niliona aibu, na aibu kadiri unavyoilaza ndivyo inavyonenepa. Niliandika barua kila mwezi. Mwalimu wa kijijini alimsomea, na Bibi, nilivyoambiwa, alizihifadhi zote ndani ya mtungi uliopasuka.

Nikamaliza shule, nikawa mwalimu Lupaso. Hapo ndipo Mjomba aliponiletea habari kwamba Bibi ana homa ya siku nyingi na amekataa kupelekwa hospitali. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, mwepesi sana. Nilimsihi, akatikisa kichwa.

"Hospitali haina kazi hapa, Sikola. Kuna watu wanakuja kuchukua chao. Nilijua kopo peke yake halitatosha."

Mjomba alidhani homa ndiyo inayosema. Mimi nilijua vizuri anachosema. Nilimwomba Mjomba atoke kidogo, nikapiga magoti.

"Bibi, hawakukataa. Unga ulikuwa umesimama. Mimi ndiye niliyeuangusha."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Kwa kitu gani?"

"Kidole."

"Kipi?"

Nikamwonyesha. Akakishika kile kidole, akakigeuzageuza kama anayekagua muhogo sokoni, kisha akakipiga kofi. Kwa mgonjwa, lilikuwa kofi zuri.

"Ulikuwa hutaki shule?"

"Niliitaka sana, Bibi. Niliwaza maji. Goti lako."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, na mimi nililia kwa sauti bila kujali ualimu wangu. Nilikuwa nimemwacha mtu ninayempenda kuliko wote akiogopa kifo miaka yote ile kwa ajili yangu, na alikuwa akipanda mlima na mtungi huku anaogopa. Nilingoja anilaani. Alikuwa na haki hiyo.

"Sikola," aliniita baadaye.

"Bee, Bibi."

"Nenda kwa Mama Fidea. Mwambie anipe ugoro. Asinipe kidogo."

Alivuta akiwa amelala, nimemshika kichwa. Alipiga chafya ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikamtoa Mjomba nje alikokuwa, akakimbilia ndani, akidhani tumefiwa. Bibi akamwambia atafute machela, anataka kwenda hospitali.

Aliishi miaka mingine mingi. Aliyaona maji ya bomba, akayaonja, akasema hayana ladha. Alipofariki, mimi ndiye niliyemfungia kopo kwenye pindo.

Watu wananiuliza, mwalimu mzima, kama naamini habari za msolo. Sijui kama kuna anayesikiliza pale. Najua kwamba asubuhi moja watu wawili walidanganya chini ya mti uleule, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na aliyelipa ni yule aliyeamini. Hilo halijanitoka, na sitaki linitoke.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipata nafasi ya kusoma mbali. Jioni nilimimina unga, nikawataja wazee mmoja mmoja, Bibi akiwa wa mwisho, nikafunika kwa chungu. Asubuhi alinijia na mzigo wake begani.

"Bibi, umesimama?"

"Umesimama," nilimwambia. "Nenda, mwanangu."

Chungu bado kipo pale. Sijakifunua.