Sherehe Isiyo na Sufuria

Juzi nilikuwa kwa kinyozi pale Donholm, nikipunguziwa nywele chache zilizokubali kubaki. Kando yangu, binti wa sekondari alikuwa akimbembeleza mamake amruhusu kualika wenzake nyumbani Jumamosi. Mara runinga ikaonyesha kichekesho cha vijana wakifanya sherehe, wazazi wakiwa safarini. Binti akafunika uso kwa kiganja.

Mama akakodoa macho. "Kumbe party ni hivi?"

"Mum, hiyo ni ya TV tu."

"Watoto wote hao, na sioni hata sufuria moja. Wenzako waite, lakini watakula chapati."

"Kwani utakuwepo?"

"Nani atasukuma?"

Binti akacheka, akakubali. Mimi niliyezunguka miji mingi nikilishwa njugu kwenye sherehe za wakubwa, nikauliza kwa upole kama wazee wamealikwa.

"Karibu, mzee," mama akajibu. "Kuja na kifimbo chako cha kusukumia."