Lori la Delmar

Siku hizi uwanja wetu wa mbio za magari hapa Karolina, Marekani, una kamera kila kona, wala hazijui lolote mapema. Zamani Delmar Sizemore, mkokota magari yaliyogongana, alikuwa akiwasha lori lake kabla ya kila ajali kutokea. Tukilisikia, tulijua kuna gari litagonga.

Siku moja, mbio zikiendelea, tajiri mpya wa uwanja alimnyang'anya ufunguo. "Mzee, unawatisha madereva."

"Basi mtoe mwanangu Travis mbioni."

"Anaongoza! Atoke aende wapi, kanisani?"

Mara lori likanguruma, ufunguo ungali mfukoni mwa tajiri. Travis alilisikia, akapunguza mwendo, akatoka njiani. Kijana wa jirani yao aliyekuwa nyuma yake akapita kwa kasi, akaugonga ukuta.

Delmar hakumkumbatia mwanawe. Alipanda lori, akaenda kumkokota mtoto wa mwenzake.