Jiwe Alilolirusha Oundo

Erastus Oundo alikuwa fundi wa baiskeli pale Busia, upande wa Uganda. Mikono yake ilikuwa mitulivu kazini, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Nyumbani kwake kulikuwa Bulumbi, ambako mkewe, Felistus Nanjala, alilima pamba na mtama. Mwaka 1961 watu wa huko walikuwa bado wanapelekwa kwa zamu kupalilia shamba la pamba la mkuu wa gombolola, yaani kata yao, bila ujira, huku pamba yao wenyewe ikimezwa na magugu. Aliyekataa alifungiwa kwenye kibanda nyuma ya ofisi.

Msimu ule wa mvua wanawake wawili walikataa, wakafungiwa, mmoja wao akiwa ananyonyesha. Jumapili, watu walipotoka kanisani, Nanjala akasimama mlangoni.

"Tusiende kupiga kelele," alisema. "Twende tukae uani kwake mpaka awafungue. Na shamba lake tusiliguse tena."

Wanaume wakasema watabeba mapanga. Akawakatalia. "Hata fimbo ya kutembelea iachwe nyumbani. Tukishika kitu mkononi watazungumzia hicho kitu, shamba watalisahau."

Oundo hakuridhika. "Mama Tom, mtapigwa."

"Tutapigwa, Baba Tom. Wewe njoo ukae nasi, au baki Busia na baiskeli zako. Ila usije nusu nusu."

Akaahidi kukaa.

Siku ya kwanza walifika watu sitini. Siku ya pili walikuwa zaidi ya mia, Wasamia na Wateso, wamekaa kwenye nyasi wakiimba nyimbo za kanisa na kugawana viazi. Mkuu alichungulia mara moja, akarudi ndani. Habari zilifika Tororo, na barua ikaletwa kwamba afisa wa serikali atakuja Ijumaa kuwasikiliza.

Alhamisi asubuhi mkuu akawatuma askari wake wanne. Mmoja wao, Mteso aitwaye Egau, alimchapa Nanjala begani, akamchapa tena, shavu likapasuka. Nanjala hakuinua mkono. Alijifuta damu kwa leso, akamtazama.

"Mwanangu, mimi sitoki hapa."

Egau akabaki ameinua fimbo, kisha akaishusha polepole, akaiweka kwenye nyasi. Mwenzake akarudi nyuma hatua mbili.

Oundo alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na rundo la mawe ya kujengea. Damu aliiona. Fimbo ikiwekwa chini hakuiona, au aliiona na moyo wake haukutaka kuona. Hata yeye hakuweza kusema kwa hakika. Alinyanyuka na jiwe mkononi, akarusha. Likampata Egau jichoni.

Wengine nao wakarusha. Vioo vya ofisi vikavunjika, na mkuu akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. Polisi waliletwa na lori, watu wakakimbia ovyo, na katika kukanyagana Nanjala akavunjika mkono. Ijumaa afisa alikuja kama alivyoahidi. Habari za shamba wala za wale wanawake waliofungiwa hakuuliza. Aliuliza nani alianza kurusha mawe.

Oundo alijitaja mwenyewe. Alifungwa miaka miwili Tororo. Huku nyuma watu walirudi kupalilia, misimu mitatu zaidi, mpaka mkuu yule alipohamishwa. Nanjala alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wakae tena. Walimkaribisha, wakampa uji, wakamwambia, "Mama, mwisho wake tuliuona."

Oundo alipofunguliwa alimkuta mkono umeunga vibaya, haunyooki. Alitaka agombezwe, lakini mkewe hakumgombeza. Mwishowe Oundo akasema mwenyewe, "Nilikuona unavuja damu."

"Damu ilikuwa yangu, Baba Tom. Na ilikuwa inafanya kazi."

Mwaka 1966 Oundo alisikia kwamba Egau analinda ghala la mahindi Malaba. Ilimchukua miezi kujikaza, kisha akaenda. Akamkuta ameketi langoni, jicho moja limefumba.

"Mimi ndiye Oundo wa Bulumbi," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha."

Egau alimgeuzia jicho lile zima. "Fimbo ilikuwa chini tayari. Wewe hukuona?"

"Sijui, ndugu yangu. Kweli sijui."

"Mimi nilikuwa nataka kukaa na wao," Egau akasema. "Ile saa jiwe ilikuja, nilikuwa natafuta pahali ya kukaa."

Hakusema kwamba amesamehe, wala hakumfukuza. Alimpa maji ya kunywa, akamwagiza amsalimie yule mama.

Oundo aliporudi alimkuta Nanjala akichambua maharage kwa mkono ule mzima. Akampa salamu, akamwambia na maneno yale mengine, kwamba Egau alitaka kukaa nao. Nanjala aliuweka ungo chini, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko. Huko ndiko Oundo alikomsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na hakujua kama anaruhusiwa kumfuata.