Nilimnyang'anya Mtani Wangu Maksai, Mama Yake Akabaki Kwenye Maji

Msimtafute shetani katika habari hii. Siku hiyo shetani alikaa pembeni, anajifunza kwangu. Niliyekosa ni mimi, na akili zangu timamu, tena huku nacheka.

Mimi ni Mnyamwezi, kwetu ni upande wa Choma, Igunga. Elimu yangu ni ya masomo ya jioni. Niliyasoma Tabora mjini, pale Kanyenye, mchana nikiuza duka la watu. Nilipofaulu kidato cha nne nilirudi kijijini kichwa kimevimba hata mlango wa nyumba ya mama ukanibana. Barua yoyote, ugomvi wowote: "Muiteni msomi!" Nami naja, jamani, naja mbio!

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka samaki wakachoka kulowa. Mbuga yote ikawa ziwa. Ikatangazwa dharura, na kamati za maafa zikapewa nguvu ya kuhamisha watu, kufunga njia, na kutwaa chombo chochote au mnyama yeyote kwa ajili ya uokoaji. Asiyetii, ndani. Kijijini kwetu katibu wa kamati akawa nani? Msomi!

Loo, utamu wa kuamrisha! Niliwaamuru watu hata pa kukojoa, wakaenda.

Watu walikimbilia shule ya msingi, iliyo kwenye mwinuko. Masanja alifika na mkokoteni wake wa maksai, mke na watoto wamelowa chapachapa. Masanja ni Msukuma, mtani wangu, na ni mkubwa kwangu kwa umri. Tumetukanana tangu nipate akili, kama babu zetu walivyotukanana. Akawashusha, akageuza maksai.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Namfuata mayu. Nimemwacha juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Tungepanda wote tungenasa kwenye tope."

Mama yake alikuwa hatembei. Miguu ilikwisha kufa zamani.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Asubuhi ile mtendaji wa kijiji alikuwa ameniambia mgeni mkubwa anakuja kukagua mafuriko. Viti na maturubai yake vimekwama barabara kuu, nitafute mkokoteni. Mkokoteni wa mjomba wangu ulikuwa umeegeshwa pale pale, maksai wake wanacheua. Nikauruka kwa macho.

"Simama, Msukuma! Ng'ombe hawa wametwaliwa na Serikali."

Masanja akacheka, akidhani ni yale yale yetu. "Serikali gani hii imevaa kandambili? Babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, leo mjukuu unataka kubebewa?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Hata mke wangu! Kicheko kile kilisikika mpaka Usoke, nawaambieni.

Mtani akikurushia neno, unamrudishia neno, mnakwenda zenu. Mimi nilimrudishia mgambo.

"Mshusheni!"

Alipoona mgambo wameshika kamba za maksai, kicheko kikamkauka. "Mtani, basi. Niache nimlete mayu, halafu wachukue. Hata mimi mwenyewe nifunge nira."

"Mwambie mama yako aogelee," nikasema. "Wasukuma si mnajisifia nguvu?"

Watu wakacheka tena, safari hii wachache. Nikajiona nimeshinda.

Masanja akaenda kwa miguu, maji yakimpanda. Maksai wake wakaburuta viti vya plastiki kwenye tope hadi shuleni. Tukavipanga kwa mstari, nikavifuta matone kwa mkono wangu. Mgeni hakuja. Njia ilikatika.

Jioni nikamwona Masanja kwa mbali, amembeba mama yake mgongoni. Nilifurahi, wallahi! Nikaanza kutunga neno la kumpokelea. Alipokaribia nikaona kichwa cha yule mama kinavyoyumba. Kichuguu kilikuwa kimemezwa. Alimkuta amenasa kwenye miiba ya mgunga.

Kwetu msibani mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba kaburi, anamkejeli marehemu, anawazuia wazikaji mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka wakapata kupumua. Hafukuzwi. Kesho yake nikachukua jembe nikaenda. Nilitaka tusi moja tu kutoka kwa Masanja, hata la nguoni, nijue bado mimi ni mtu wake.

Aliponiona alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, kiongozi."

Mtu mkubwa kwangu! Mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia.

"Tunaomba kibali cha kuzika," akasema, macho chini. "Hatujui kama ardhi nayo imetwaliwa."

Nikatazama nyuso nikitafuta anayecheka. Hayupo. Walikuwa wanasubiri kweli, na maiti kwenye mkeka inasubiri, na mimi nimesimama na jembe ambalo hakuna aliyeniambia niliweke wapi. Ikabidi niseme.

"Zikeni."

Ndugu yangu uliyepewa amri siku watu wamelowa na hawana pa kwenda, amri hiyo usiitumie kumjibu mtu aliyekufanya uchekwe. Cheka nao, uaibike, yaishe! Mimi leo kijiji kizima kinaniamkia, wazee kwa watoto, wananipisha hata njiani. Hakuna hata mmoja anayenitukana.