Viungo Kumi na Vinne

Viungo kumi na vinne vya kwanza vya tovuti yangu vilinigharimu pauni mia sita na arobaini za Sudan, jozi moja ya viatu vya ngozi, na mdogo wake mama mmoja muuza chai. Pesa nilizihesabu mara mbili. Viatu nilimpa fundi wa saiba, kile kibanda cha intaneti, ili anipunguzie bei ya dakika, na hilo silijutii. Ninaloandika hapa ni la yule ndugu wa mama.

Nilikuwa dalali wa vyumba Juba, mwaka wa tatu hivi baada ya mkataba wa amani. Nasema vyumba kwa heshima tu. Vingine vilikuwa mahema, vingine kontena zilizotobolewa dirisha, na makhawaja, yaani wazungu, waliokuja na mashirika yao walilipa dola bila kuuliza kama dirisha lenyewe linafunguka. Mimi nilikulia Kitale, nikarudi nyumbani na kompyuta moja na mdomo. Madalali wenzangu walisimama uwanja wa ndege na matangazo ya vipande vya kadibodi. Nikaona heri nifungue tovuti, mteja ajue bei kabla hajapanda ndege.

Tovuti ikafunguka. Mwezi mzima ilitembelewa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Umefungua duka uchochoroni, buda," fundi wa saiba akaniambia. "Lazima tovuti zingine zikuelekezee watu. Zikiweka kiungo cha kuja kwako, mtambo wa kutafuta mtandaoni utasema, aa, kumbe huyu jamaa anajulikana."

"Kiungo kimoja pesa ngapi?"

"Hakiuzwi. Unaomba."

"Basi hicho ndicho ghali."

Nikaandikia tovuti arobaini. Thelathini na nane hazikujibu. Moja ilitaka dola hamsini, nikaishusha mpaka kumi na tano, halafu nayo ikanyamaza. Ya mwisho ilikuwa ya mtu wa Mombasa aliyeuza mapazia. Tukabadilishana kiungo kwa kiungo, na mpaka leo sijui nani alimpunja mwenzake.

Jumapili moja, baada ya misa, nikaona watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo pale kanisani. Hawakuwa wakisoma tangazo la harambee. Walisoma karatasi za watu wanaotafutwa. Siku hizo kila mtu Juba alikuwa anatafuta mtu: aliyebaki Khartoum, aliyepotelea njiani kwenda Uganda, aliyechukuliwa na ndege kwenda Ulaya akiwa mtoto. Kila karatasi ilikuwa na majina matatu ya anayetafutwa, lake, la baba na la babu, na mahali alipoonekana mwisho. Mtu angesimama pale nusu saa, juani, akisoma majina ya watu wasiomhusu.

Wengine waliona huzuni. Mimi niliona viungo.

Nikaongeza ukurasa kwenye tovuti yangu, nikauita Wanaotafutwa, chini yake nikaweka anwani mpya ya barua pepe. Nikaziandikia tovuti za makanisa na vyama vya watu wetu walioko ng'ambo. Safari hii sikuomba. Walinishukuru! Ndani ya miezi miwili viungo vikafika kumi na vinne, na mteja wa kwanza wa kontena akaja kupitia mtandao, akalipa miezi mitatu mbele.

Majina ya kwanza niliyapata kwa mama aliyeuza chai karibu na soko la Jebel, mahali nilipokuwa nikikutana na wenye nyumba. Alikuwa amerudi kutoka Uganda. Akanitajia majina matatu ya mdogo wake, polepole, akiangalia kama naandika.

"Mimi iko na ndugu moja tu, ustaz. Sisi alipoteana kwa mpaka. Yeye alienda na vijana kwa kambi ya Kenya, halafu wanasema ndege ilibeba yeye."

"Tutamtafuta, mama."

Tangu siku hiyo akakataa pesa yangu ya chai. Kila nikikaa aliniuliza.

"Mtandao imesema nini?"

"Bado, mama."

"Bado ya leo ama bado ya kesho?"

Wanaume waliokaa pale walicheka, nami nikacheka. "Bado ya mtandao," nikasema, nikanywa.

Ukweli ni kwamba ile anwani niliifungua siku niliyoitengeneza, basi. Saiba ilikuwa ya kulipia kwa dakika. Barua pepe ilichukua dakika kumi kufunguka, na hesabu ya viungo dakika mbili. Nikawa nahesabu viungo. Nilihesabu mara mbili kila nilipokwenda, maana mashine nayo hudanganya.

Kilichonifanya nifungue anwani ile ni hasira. Khawaja mmoja aliniambia aliandika akitaka mahema mawili, hakujibiwa, akachukua kwa mwingine. Kumbe aliandika kwenye anwani ya Wanaotafutwa. Nikakimbilia saiba kutafuta mahema yangu. Nikakuta barua sitini na moja, nyingi za bahati nasibu, na katikati yake moja ya karani wa kanisa huko Australia.

Aliandika kwamba mtu mwenye majina yale matatu anasali nao. Kwamba alilia alipouona ukurasa. Mwisho wa mwezi angehamia mji mwingine kutafuta kazi ya machinjio, kwa hiyo dada yake apige simu mapema, namba hii hapa.

Barua ilikuwa na miezi saba. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia.

Nikapiga, sauti ya mashine ikanijibu kwamba namba haitumiki. Nikamwandikia karani. Akajibu siku ya pili, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. Yule ndugu alisubiri mpaka siku ya kuondoka. Aliposikia kimya, akasema dada yake lazima amekufa, na aliyeandika majina yale ni mtu mwingine tu. Hakuacha anwani.

Kesho yake nikapita Jebel. Ningeweza kuzunguka njia nyingine, lakini mwenye nyumba alikuwa ananingoja palepale.

"Mtandao imesema nini, ustaz?"

"Bado, mama."

Kabla ya hapo neno hilo lilikuwa uvivu. Siku hiyo likawa uongo. Akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuombwa.

Ukurasa sikuufuta, maana viungo vyote vilielekea huko. Nilianza kufungua barua kila siku, na nikawakutanisha watu wawili na jamaa zao. Niliwahi kujaribu kujiambia kwamba wawili ni zaidi ya mmoja. Hesabu hiyo ni ya dalali, dada hawezi kuikubali.

Yule karani tumeandikiana mara nyingi, hana habari mpya. Mama sasa anauzia chai Sherikat, ng'ambo ya mto, karibu na daraja. Amezeeka, haniulizi tena, lakini tukikutana ananitazama kwanza kabla ya kunisalimu. Kumwambia ni kumpa ndugu aliye hai na kumnyang'anya papo hapo, na ni kumwambia nani alimpoteza. Kunyamaza ni kumwacha aendelee kumwombea mtu ambaye yeye mama hajui yuko upande gani wa kaburi. Ninyi mliowahi kutafuta mtu, nawauliza bila mzaha: nimwendee? Na nikimwendea, nitangulie kusema lipi, kwamba alikuwa hai, au kwamba barua ilikuwa kwangu?