Kampuni Yetu ya Vichekesho Bulla Pesa

Sisi tuliokulia Bulla Pesa miaka ya sabini hatukuwa na runinga. Tulikuwa na Guyo. Mimi, ambaye leo nina diploma ya usimamizi wa biashara na nimerudi nyumbani na gari langu mwenyewe, nilianzisha kampuni ya vichekesho nikiwa darasa la tano. Jukwaa lilikuwa nyuma ya ghala la ngozi, na mlioketi pale mnaukumbuka uvundo wake. Kiingilio kilikuwa andazi au konzi ya njugu. Hakuna aliyeandika maneno. Watazamaji walitaja mtu, Guyo akawa mtu huyo papo hapo, tukacheka mpaka matumbo yakauma. Hata watu wazima wakaanza kuja.

Sasa sikilizeni ujinga. Jumamosi moja wafugaji wa Oldonyiro waliotoka kuuza mbuzi waliingia, mmoja akataka aigizwe dalali. Babake Guyo alikuwa dalali. Sokoni kwetu bei haikutamkwa: dalali na mnunuzi walishikana mikono chini ya shuka, wakabonyezana vidole, na mwenye mbuzi akaambiwa kilichomfaa dalali. Guyo akaigiza bila shuka. Akainua mkono, akaeleza maana ya kidole kimoja kimoja, hadi kile cha fungu la dalali, ambacho mwenye mbuzi haambiwi.

Watu wakavunjika mbavu. Wafugaji hawakucheka. Walitoka kwenda kumtafuta dalali wao.

Jioni babake Guyo alikuja, akatusalimu salaam aleikum kwa upole uliotutisha.

"Guyo, kesho unaenda Kipsing kwa babu yako. Huko utaigizia mbuzi."

Nikamwomba, nikamwambia bila Guyo hakuna kampuni.

"Kampuni ni yako, kijana. Huo mdomo niliulisha mimi."

Nikajaribu kuokoa biashara kwa kuandika maneno kwenye daftari na kuwakaririsha wengine. Mtazamaji akitaja mtu, tulimwambia huyo hayumo daftarini. Kabla likizo haijaisha, nilibaki na dada yangu tu, naye alikuja kunidai andazi lake.

Vijana wa leo wana ukumbi na vipaza sauti, na bado wanasoma vichekesho kwenye simu. Juzi nilimtajia mmoja mtu wa kuigiza. Akanijibu, "Mzee, hiyo hatujafanyia mazoezi." Nikashika kichwa.

Guyo alirudi baada ya mvua mbili, na yupo mjini hadi leo. Nikimwomba aigize kidogo tu, hutazama kwanza walio karibu, kisha huniuliza habari za watoto.